Maswali ya Wasomaji: Farasi Anayemsukuma Mwenyewe

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni msomaji wako wa Naivasha. Mwaka jana nilinunua farasi maksai wa miaka 9 ambaye zamani alikuwa akikimbia mashindanoni Ngong. Nikiwa mgongoni ni mtulivu na ninampanda bila wasiwasi, lakini nikiwa chini ninamwogopa. Akiona ndoo ya chakula hunisukuma kwa bega mpaka nikabanwa ukutani. Mlango wa banda ukifunguliwa hutangulia yeye, mimi nikaburutwa nyuma yake, na nikimvua hatamu hujikuna kichwa mgongoni pangu mpaka ninapepesuka. Wiki mbili zilizopita alinikanyaga, ukucha ukang'oka. Ajabu ni kwamba saisi wetu, yule mtunza farasi, hasukumwi naye hata kidogo. Jirani amenishauri nimchape mjeledi usoni ili anitambue. Je, ni kweli kwamba ananidharau?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa mguu. Nianze na ushauri wa jirani, kwa kuwa ndio unaoweza kufuatwa leo hii jioni: tafadhali usimpige farasi usoni. Farasi aliyepigwa usoni hujifunza kwamba mkono unaoinuliwa ni hatari, na siku utakapotaka kumvalisha hatamu, kumpa dawa ya minyoo au kumfuta jicho linalotoka machozi, atakitupa kichwa juu, mahali usikoweza kukifikia. Utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza, na la pili huchukua miezi mingi kuondoka.

Sidhani kwamba anakudharau. Watazame farasi kadhaa wanaponywea maji mahali pamoja. Jike mmoja mzee hulaza masikio nyuma kidogo na kugeuza shingo, na wenzake wakampisha bila hata mmoja kuumwa. Miongoni mwa farasi, anayemfanya mwenzake asogeze miguu ndiye anayepishwa, na wanalisoma jambo hilo mchana kutwa. Sasa fikiri yanayotokea bandani kwako. Yeye ana kilo 450 au zaidi, anakuegemea, nawe unarudi nyuma hatua moja, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Kisha anafika kwenye ndoo. Kwa hiyo, kila siku kwa mwaka mzima, amefundishwa kwamba bega lake hufungua njia, na aliyemfundisha ni miguu yako. Sisemi haya kwa kukulaumu. Nayasema kwa sababu kilichofundishwa bila kukusudia kinaweza kufundishwa upya kwa kukusudia.

Jibu la nusu ya swali lako unalo hapo nyumbani. Kesho asubuhi simama kando umtazame saisi wako akimpeleka farasi majini, na usiitazame mikono yake, itazame miguu. Nina hakika utaona kwamba hatembei mbele ya kifua cha farasi wala hajiweki kati yake na ukuta. Hutembea sambamba na bega, na farasi anapomsogelea, yeye huinua kiwiko na kupiga hatua moja kumwelekea, kisha farasi akisogea humwacha kabisa na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Pengine hajui kulieleza kwa maneno, lakini mwombe akuonyeshe. Wenye farasi wengi huwaagiza masaisi wao miaka nenda miaka rudi bila kuwauliza neno, ilhali saisi ndiye anayeshinda na mnyama kutoka alfajiri mpaka magharibi.

Kabla ya mafunzo, hata hivyo, mwite daktari wa mifugo amkague meno, mgongo, kwato na tumbo, maana farasi mwenye maumivu husukuma na kung'ata, na si haki kumfundisha adabu mgonjwa. Angalia pia hori lake. Farasi wa mashindano hulishwa nafaka nyingi kwa sababu huchoma nguvu hizo kila asubuhi. Akihamia kwa mtu anayempanda mara mbili kwa wiki na asipunguziwe nafaka, zile nguvu lazima zitoke mahali fulani. Maksai wa kilo 450 mwenye kazi nyepesi anatosheka na nyasi, kiasi cha kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku, na ni vyema ashinde nje pamoja na farasi mwingine badala ya kufungiwa peke yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua kiwanja chenye uzio, vaa viatu vigumu na kofia ya kupandia farasi, mvalishe hatamu ya kamba isiyo na lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, yenye kamba ya kuongozea ya mita 3 hivi. Kamba hiyo ikunje mkononi kwa mikunjo mirefu, usiizungushe kwenye kiganja kamwe, maana akishtuka na kukimbia itakaza na kukuvunja vidole. Kisha nyoosha mkono na ujizungushe pale uliposimama: duara unalolichora kwa ncha za vidole ndilo eneo lako. Wewe unaweza kuingia katika eneo lake kumshika na kumpapasa. Yeye haingii katika lako mpaka umwite. Kuwa mkali wa mpaka huo hata kwa kiasi cha nusu hatua, kwa kuwa farasi ukimpa shubiri huchukua pima.

Somo la kwanza ni kurudi nyuma, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalobeba yote. Simama ukimtazama, kidogo upande mmoja na wala si mbele ya uso kabisa, kwani macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa na hapo mbele ya paji la uso pana sehemu asiyoiona. Simama wima, kisha itikise kamba taratibu. Asipojibu, itikise zaidi. Asipojibu tena, zaidi kidogo, huku ukipiga hatua kumwelekea. Usianze kwa nguvu. Farasi huhisi inzi mmoja anapotua ubavuni na kuitikisa ngozi mahali pale pale palipotuliwa, kwa hiyo hana haja ya kuvutwa kama gari lililokwama. Ukingoja kwa makini utaona kifua chake kikivuta nyuma kabla ukwato wowote haujanyanyuka, na hapo hapo, papo kwa papo, kamba iache ilegee, teremsha mabega na ugeuzie macho pembeni. Ule mlegeo ndio unaomfundisha. Mvuto humsumbua tu. Anachokitafuta ni namna ya kuufanya ukome, na ukichelewa sekunde mbili au tatu atakuwa amekwisha kutenda jambo jingine, akadhani hilo ndilo lililomletea raha. Kwa siku ya kwanza hatua moja inatosha, na dakika 10 asubuhi na 10 jioni ni bora kuliko saa nzima ya kuchoshana.

Akishajua kurudi nyuma, mfundishe kusogeza bega kwa kuelekeza mkono kwenye shavu na shingo yake, halafu kusogeza sehemu ya nyuma kwa kuelekeza macho na kamba kwenye paja. Njia ni ile ile: omba kwa upole, ongeza polepole, acha mara moja.

Ndoo sasa. Ingia bandani ukiwa nayo, simama na ungoje. Akisogea, mrudishe hatua 2. Akisimama na kuutoa uso kwenye ndoo, hata kwa muda wa pumzi moja, mwaga chakula horini na uondoke. Mlangoni ni vivyo hivyo: mlango ukifunguliwa naye akaanza kutangulia, arudi nyuma na mlango ufungwe. Huenda siku ya kwanza mkaufungua mara 15. Jiandae pia kwa siku ya tatu au ya nne, ambapo huenda akazidisha kuliko zamani, kwa kuwa njia iliyomlipa mwaka mzima imeacha kulipa naye anaijaribu kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema mafunzo yameshindwa. Ukirudi nyuma siku hiyo, utakuwa umemfundisha kwamba lazima asukume sana ili afaulu.

Kuhusu kujikuna, ukweli ni kwamba jasho lililokauka chini ya hatamu linamwasha. Mkune wewe, kwa mkono wako na kwa wakati wako, akiwa amesimama mahali pake. Raha hiyo hana sababu ya kunyimwa.

Lazima nikutahadharishe juu ya jambo moja. Farasi anayekusukuma akiwa ametulia, masikio yakiwa yameelekea kwenye ndoo, ni tofauti na yule anayekurukia kwa sababu ameshtushwa na karatasi ya nailoni inayopeperuka. Huyu wa pili utamjua kwa kichwa kilichoinuka, pua zilizopanuka na mwili uliokakamaa kama gogo. Huyo anahitaji nafasi na sauti tulivu kwanza, na masomo baadaye, kwani kumkemea kutathibitisha kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Mwisho, masomo haya yawe ya nyumba nzima. Nilipokuwa kijana nikijifunza usaisi, nilikuwa na jike mmoja mwekundu niliyempenda mno, nami nikawa namwekea vipande vya miwa mfukoni. Nilifurahi alipokuwa akinipekua kwa midomo. Siku moja mzee mmoja mpole wa pale shambani alipita langoni akiwa na mkate ndani ya koti, na yule jike akamfuata, akamwangusha kwenye kokoto, akavunjika mkono. Jike hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alifanya nililomzoesha mimi, kwa mtu ambaye hakuwahi kumpa hata kipande cha muwa. Tangu siku hiyo simlishi farasi kutoka mkononi, na nakuomba uwakataze wageni na watoto kufanya hivyo kwa farasi wako.

SWALI: Mzee, hapa Nanyuki tuna mwana-farasi wa miezi 5. Binti yangu wa miaka 10 hucheza naye kila akitoka shule, na sasa amezoea kusimama kwa miguu ya nyuma na kumwekea binti kwato mabegani. Kila mtu anacheka na kupiga picha. Mimi moyo hauniambii vizuri. Je, nina wasiwasi wa bure?

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki kabisa, ndugu yangu, na ningefurahi ukiukomesha mchezo huo leo. Kusimama na kuparamia ndivyo wana-farasi wanavyocheza wao kwa wao, na huyu anamtendea binti yako kama angemtendea mwana-farasi mwenzake. Tatizo ni kwamba akitimiza mwaka anaweza kuwa na kilo 250 au zaidi, na ataendelea kuucheza mchezo alioruhusiwa, wala hatajua kwa nini watu waliokuwa wakicheka sasa wanapiga mayowe.

Kinachomfaa zaidi ni kuwa na wanyama wa aina yake. Mama yake na farasi wakubwa wenye subira watamwonyesha mipaka kwa namna asiyoisahau. Wana-farasi waliolelewa kwa chupa na watu pekee ndio ninaowaogopa kuliko wote, kwa sababu hawakupata mtu wala farasi wa kuwaambia basi. Binti asinyimwe urafiki. Mfundisheni kumpiga brashi, kumwinua miguu mmoja mmoja na kumwongoza kwa dakika chache, mtu mzima akiwa karibu. Mwana-farasi akijaribu kuinuka, mtu mzima amsogeze kando kwa mkono kifuani, na kazi iendelee bila kelele. Na picha zile zisipigwe tena, kwa kuwa kicheko nacho huwafanya watoto wairudie hatari.

SWALI: Assalamu alaikum. Ninaishi Lamu na kazi yangu ni kubeba mchanga na matofali kwa punda. Nina dume mmoja ambaye kwenye vichochoro huwabana watu ukutani kwa mzigo. Je, mafunzo ya farasi yanamfaa punda?

JIBU: Waalaikumu salaam. Misingi ni ile ile, lakini punda ana tabia yake. Farasi akitishwa hukimbia. Punda mara nyingi husimama na kutafakari, na ukiongeza fimbo wakati huo unamfanya azidi kuganda. Basi omba, ngoja zaidi kuliko ungemngojea farasi, na umwachilie anapotoa hatua.

Ila kwako wewe ningeanza na mzigo. Punda hajui upana wa magunia yaliyo ubavuni mwake, na vichochoro vya Mji wa Kale vingine havizidi upana wa mtu na punda wake. Mfungie mzigo juu zaidi na karibu na mwili, wenye uzito sawa pande zote mbili, na utembee kichwani pake ukimwongoza badala ya kumfuata nyuma ukimswaga. Mfundishe neno moja la kusimama, ulitumie kila mnapokutana na mtu, umsimamishe mahali palipo na baraza au mlango ili mpita njia apate pa kuingia. Anzeni bila mzigo, alfajiri kabla vichochoro havijajaa, kwa muda wa wiki moja. Akishasimama kwa neno akiwa mtupu, ndipo mumpe nusu ya mzigo na kurudia njia ile ile.