Kuona namba na miezi vimekaa "mahali" kichwani: si ugonjwa, mkuu

Mkuu uliyeuliza kama ni kawaida kuiona miezi imejipanga duara na namba zimeshika njia yake, hadi nyumbani wanataka ukaombewe: huumwi. Mimi ninayo hali hii tangu utotoni. 1 hadi 12 zangu zinapanda zikijipinda, halafu 13 inachepuka na kunyoosha kulia. Juni iko juu, Desemba chini kushoto, usiniulize kwa nini.

Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha michoro ya watu wa aina yetu mwaka 1880. Baadhi walikuwa na 1 hadi 12 zilizofuata uso wa saa.

Hata wasioona chochote wanayo kwa mbali. Mwaka 1993, mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene na wenzake huko Ufaransa waliwaonyesha watu tarakimu, wabonyeze kitufe kusema ni shufwa au witiri. Ndogo zilijibiwa upesi zaidi kwa mkono wa kushoto, kubwa kwa wa kulia, na swali lenyewe wala halikuhusu ukubwa! Baadaye walipopimwa Wapalestina, ambao husoma maneno na tarakimu kuanzia kulia, mwelekeo ukageuka. Kumbe upande tuliozoea kusomea nao unachangia.

Waliopita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, watanielewa haraka. Aya ukishaihifadhi haibaki maneno matupu, inabaki na pake. Hii iko ukurasa wa kulia, mstari wa tatu toka juu. Ile inamalizikia chini kabisa, ukifunua tu unakutana na mwenzake. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, karibu zote zina mistari 15, na ukurasa huisha pale aya inapoisha, kwa hiyo nakala yoyote ya chapa hiyo utakayoshika, kila aya utaikuta palepale. Ustadhi wetu alikuwa mkali kwa hili: umeanza na chapa moja, maliza nayo. Likizo moja kwa shangazi nilisomea msahafu wa mpangilio tofauti, na sura nilizokuwa nazitiririsha zikaanza kunikwama katikati. Maneno yaleyale, ila hayakuwa yanakaa nilipoyaacha.

Mwaka 1971 mtafiti John O'Keefe na mwenzake waliripoti seli za hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo) ya panya zinazoamka mnyama akifika sehemu fulani tu. Kazi hiyo ilimpa Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Hipokampasi hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kukumbuka mambo yaliyotupata, basi sishangai kumbukumbu zikidai mahali pa kukaa.

Kwa hiyo hali yako itumie. Orodha ya kukariri itandaze kwenye njia unayoijua, toka mlangoni kwenu hadi kituo cha daladala, kitu kimoja kila kona. Inafaa sana kwa mambo yenye mfuatano. Kwenye hesabu usitegemee muujiza: mimi 7 na 8 naziona kabisa zilipo, lakini kwamba ukizizidisha unapata 56, hiyo niliingiziwa kwa fimbo kama wenzangu.