Mchoro wa figo haukai kwenye simu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ukubwa wa skrini unaathiri kiasi mwanafunzi anachokumbuka. Jibu langu ni ndiyo. Nimejionea mezani kwangu hapa Kaptembwo, Nakuru, ninakofanya kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi.

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha nne. Likizo ya Agosti alikuja kwangu na simu iliyojaa karatasi za marudio alizotumiwa na wenzake kwa WhatsApp. Jioni moja nikaketi kando yake akidurusu Biolojia. Mchoro wa figo ulikuwa juu, una herufi A hadi F. Maswali yalikuwa ukurasa wa pili. Swali linataka kazi ya sehemu D. Anapandisha kidole kuitafuta D, anaupanua mchoro ili herufi zisomeke, D inatoka nje ya kioo, anaivuta irudi. Akiipata, swali limeshamtoka, anashuka tena. Nilihesabu: swali moja, safari saba. Alipofika mwisho akasema, "Shangazi, hii nimemaliza." Nikamwomba anichoree figo bila kutazama. Umbo la haragwe alilipatia vizuri. Ndani hakuweka kitu.

Sikumkemea, kwa sababu si uvivu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na hiyo simu yake haizidi saba. Mwalimu alipanga kazi yake kwa ajili ya karatasi, mtoto anaisoma kupitia tundu. Nguvu ambayo ingeshika somo inaishia kukumbuka swali lilisemaje na D iko wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Christopher Sanchez na Jennifer Wiley, walionyesha kwamba kusoma maandishi magumu kwa kuyateremsha kwenye skrini hupunguza uelewa kuliko yakigawanywa kurasa kurasa, na wanaoumia zaidi ni wale wasioweza kushika mambo mengi kichwani kwa mpigo. Yaani mtoto anayehitaji msaada zaidi ndiye anayepoteza zaidi. Hilo linaniuma.

Halafu kuna suala la mahali. Anayesoma kitabuni hukumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa upande wa kushoto, chini ya picha. Kwenye simu kila kitu hupita palepale katikati ya kioo, na akili haina pa kukishikiza.

Sisemi simu itupwe. Hadithi na riwaya husomeka humo bila shida. Mwaka 2018 mtafiti Pablo Delgado wa Uhispania na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta karatasi inaishinda skrini katika maandishi ya maarifa, hasa msomaji anapopimiwa muda. Kwa hadithi tupu hawakuona tofauti. Sasa fikirieni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne: maandishi ya maarifa, na saa iko ukutani.

Najua wazazi wengi hawana kompyuta, na simu yenyewe ni ya mama, inarudi nyumbani saa mbili usiku. Ndiyo maana ombi langu ni kwa walimu wanaotuma kazi kwa simu. Kata mchoro, uweke maswali yake mawili au matatu chini yake papo hapo, mtoto avione pamoja bila kuhamahama. Ni kazi ya dakika chache. Na mzazi akiwa na shilingi kidogo za kuchapa, azitumie kwa kurasa zenye michoro na majedwali kwanza. Insha zinaweza kubaki kwenye simu.

Huyu wangu nilimchapia kurasa 14. Siku ya tatu aliichora figo nyuma ya karatasi iliyoharibikia mashineni, akaandika majina yote ila moja. Hilo moja alikataa nimtajie. Alifumba macho, akaweka kidole kwenye karatasi, upande wa kulia chini, akasema, "Lilikuwa hapa," kisha likamjia.