Maswali yenu ya sayansi: Sodiamu ya kwenye chumvi mbona hailipuki?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa binti wa kidato cha pili, tunaishi Moshi. Juzi alikuwa anasoma kwa sauti huku mi napika, akasema sodiamu ukiitupia kwenye maji inalipuka, na klorini ni gesi ya sumu iliyoua wanajeshi vitani, halafu eti chumvi ni sodiamu na klorini. Kijiko cha chumvi nilikuwa nacho mkononi! Nikamuuliza sasa mbona hatufi, akasema hajui, wao wamekariri tu elementi 20 za kwanza. Nisaidie nimjibu.

JIBU: Mama, nimefurahi sana na swali lako, maana mtoto akilielewa hili moja nusu ya kemia ya kidato cha pili ameshaimaliza, na yote aliyokusomea ni kweli, hiyo gesi ya klorini Wajerumani waliitumia kule Ypres, Ubelgiji, mwezi wa nne mwaka 1915.

Tuanze na atomu yenyewe. Katikati kuna kiini, ni kadogo mno, ndani yake kuna protoni ambazo zina chaji chanya na nyutroni ambazo hazina chaji, halafu huko nje ndo kuna elektroni zenye chaji hasi. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11 kwahiyo chaji zimelingana. Sasa hizo elektroni hazijakaa hovyo, zimepangwa kwa tabaka: 2 za ndani, 8 zinazofuata, na 1 peke yake huko nje kabisa. Hiyo moja ndo chanzo cha vurugu zote mama. Iko mbali na kiini, haijashikwa vizuri, ikipata tu wa kumpa inaondoka. Ukiitupa sodiamu kwenye maji zile elektroni za nje zinahamia kwenye maji kwa kasi, joto kali linatoka, gesi ya haidrojeni nayo inatoka na inaweza kushika moto papo hapo, ndo maana maabara wanaihifadhi ndani ya mafuta ya taa.

Klorini yeye ana protoni 17, elektroni zake ni 2, 8, 7. Tabaka la nje limepungukiwa moja tu lifike 8, na hiyo moja anaitafuta popote, hata kwenye mapafu ya mtu, ndo ubaya wake huo.

Sasa wakutane hawa wawili, mmoja ana elektroni moja anataka kuitoa na mwingine anaitafuta hiyo hiyo moja. Sodiamu anatoa, klorini anapokea, basi. Sodiamu anabaki na protoni 11 na elektroni 10 kwahiyo anakuwa chanya, klorini anakuwa na protoni 17 na elektroni 18 anakuwa hasi, chanya na hasi zinavutana, wanashikana mabilioni kwa mabilioni wamejipanga mstari kwa mstari, ndo hiyo punje ya chumvi uliyokuwa nayo kwenye kijiko. Ukiitia kwenye mboga hailipuki kwasababu elektroni ya kuleta fujo ilishatoka zamani.

Mwanao akikuuliza kama sasa bado ni sodiamu mwambie ndio, maana kinachoifanya elementi iwe yenyewe ni idadi ya protoni, na hizo hazijaguswa, bado ni 11. Na hapo usimwambie kwa mdomo tu, mwonyeshe. Kama mna jiko la gesi, usiku zima taa, washa moto ukae ile bluu yake, chukua chumvi kidogo sana mnyunyizie juu, mtaona moto unageuka njano kali. Njano ile ni ya sodiamu. Taa zile za barabarani za zamani zenye mwanga wa njano ni sodiamu hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwanini sodiamu inaandikwa Na na si So? Mwalimu wetu alisema ni Kilatini tukariri tu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikariri, hii inakuhusu wewe kabisa! Hiyo Na ni kifupi cha natriamu, na jina hilo linatokana na natron, ile chumvi ya magadi ambayo Wamisri wa kale walikuwa wanakaushia maiti. Waarabu wanaiita natruni. Sasa fungua ramani ya Tanzania, kaskazini kule mpakani na Kenya, utaona ziwa linaitwa Natron. Limepewa jina la chumvi hiyo hiyo. Na jirani yake upo mlima Ol Doinyo Lengai ambao lava yake ina sodiamu nyingi ajabu, inatoka nyeusi halafu ikikutana na hewa na unyevu inageuka nyeupe, hakuna volkano nyingine duniani leo inayotoa lava ya aina hiyo. Kwahiyo magadi ambayo bibi yako anatia kwenye maharage yaive haraka yana hiyo Na ya kwenye daftari lako. Aliyeitoa sodiamu ikiwa peke yake kwa mara ya kwanza ni Humphry Davy wa Uingereza, mwaka 1807, kwa kupitisha umeme kwenye magadi makali yaliyoyeyushwa.

Na ile K ya potasiamu ni kaliamu, hiyo inatoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea.

SWALI: Kitabu kinasema klorini uzito wake ni 35.5. Sasa kuna nusu nyutroni?

JIBU: Hapana, nusu nyutroni hakuna. Klorini zote zina protoni 17 ila nyutroni zinatofautiana, nyingine zina 18 jumla 35, nyingine zina 20 jumla 37, na zinaitwa isotopu. Ukiokota atomu 4 za klorini, kwa kawaida 3 ni za 35 na 1 ni ya 37. Jumlisha, 105 na 37 ni 142, gawa kwa 4. Umeiona 35.5? Ni wastani tu, atomu yenyewe yenye uzito huo haipo.

SWALI: Mwalimu za saa hizi. Mi nachimba dhahabu huku Geita. Kuna jamaa kaja ana dawa ya unga, anasema ukichanganya na zebaki ukachemsha zebaki yote inakuwa dhahabu, na amenionyesha kwa macho yangu kipande kimebaki kwenye sufuria. Anataka laki nane. Amesema hata kwenye jedwali la elementi hivi vitu vimekaa jirani, ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, usimpe hata mia. Kwenye jedwali ni kweli wamekaa jirani, dhahabu ni namba 79 na zebaki ni namba 80, na hizo namba ndo idadi ya protoni, hapo hajakudanganya. Ila kuitoa hiyo protoni moja ndo kasheshe. Dawa yoyote, asidi, unga, moto wa mkaa, vyote vinagusa elektroni za nje tu, kwenye kiini havifiki. Kiini kinataka nguvu ya mashine kubwa kabisa. Mwaka 1980 wanasayansi wa Berkeley kule Marekani, akiwemo Glenn Seaborg, walichukua bismuthi yenye protoni 83 wakaipiga kwa mashine ya namna hiyo wakapata dhahabu kweli, lakini atomu chache mno ambazo hata kwa jicho huzioni, na gharama yake ilizidi mbali thamani ya dhahabu yenyewe. Sasa yeye na sufuria?

Hicho kipande ulichokiona huenda kilikuwa ndani ya zebaki tangu mwanzo. Wewe unachenjua, unajua zebaki inavyoshika dhahabu, inaimeza inakuwa kama uji mzito mweupe, ukichoma zebaki inaruka dhahabu inabaki. Mtu akiiyeyusha dhahabu yake kidogo humo kabla hajaja kwako hutaiona kabisa, ukichemsha inajitokeza, unaona kama imetengenezwa.

Na zebaki iliyoruka haijapotea, atomu zake zote, kila moja na protoni zake 80 zile zile, ziko hewani unazivuta, zinaenda kwenye ubongo na figo. Kama mlichemsha ndani ya nyumba fungua madirisha yote, hiyo sufuria isipikiwe tena chakula, na kama kuna mjamzito au watoto hapo watoke kwanza. Ukianza kutetemeka mikono au kichwa kuuma kisichoisha nenda hospitali uwaambie wazi ulivuta moshi wa zebaki, usione aibu, wakijua ndo watakupima damu na mkojo.