Re: Nifute baraza na korido nipate masta ya tatu? USIFUTE!

Mkuu, weka kalamu chini. Uzibe korido na ufute baraza ili kiwanja cha mita 20 kwa 20 kitoe masta ya tatu, yaani chumba chenye choo ndani? Hiyo ramani naijua. Naishi ndani yake, Kivule, mwaka wa sita huu.

Fundi ramani aliniambia korido ya katikati ni mambo ya uswahilini. Nikacheka naye, bwege mimi, na nimezaliwa kwenye nyumba hiyo hiyo Magomeni: vyumba vitatu huku, vitatu kule, mlango wa mbele unatazamana na wa uani, nje kibaraza. Miezi ya Kusi ukifungua yote miwili upepo unapita moja kwa moja, feni ya nini? Jamaa akaniuzia "ya kisasa". Mwisho wa korido kapachika masta, mlango wa uani kausukumia kona ya jikoni. Masta ina dirisha moja la alminiamu la kuslaidi, ambalo hata ulifungue lote, nusu ni kioo kimelalia kioo. Linatazama magharibi, mita moja toka kwenye fensi. Jua la saa kumi linaoka ukuta, usiku ukuta unakuoka wewe.

Humo nikamweka mama. Nilidhani namheshimu, choo ndani kabisa! Masika ya kwanza fangasi wakapanda nyuma ya kabati, kikohozi kikaanza. Tukampima mpaka TB, hana. Daktari akauliza chumba kina madirisha mangapi, nikajifanya nahesabu. Tulipomhamishia chumba cha mbele kikohozi kikakatika.

Na upweke je? Magomeni alichambua mchele barazani, kila mpita njia anatoa shikamoo, habari za msiba anazo kabla ya balozi wa nyumba kumi. Kwangu baraza hakuna, anachambua mbele ya tamthilia. Jirani tunayechangia naye ukuta alikaa mwaka mzima hajui kama nina mama. Kajua siku tulipofiwa na shangazi, watu wamejaa getini hawana pa kukaa, nikaenda kwake kuazima turubai.

Mwaka jana nimeibomoa ile masta, korido ifunguke mpaka uani. Kutoboa ukuta, lenta, kuhamisha mabomba ya choo, mlango: milioni nne na ushee, Luku ya AC sijaihesabu. Ndiyo, ni kile choo cha vigae nilichowaringia humu. Fukueni uzi, sioni haya tena.

Yule fundi bado anaiuza ramani ile ile, kabadilisha paa tu. Mwenyewe kapanga nyumba ya korido!

Kanuni yangu ni moja: ukisimama mlango wa mbele, uone uani. Huoni, chana ramani. Ya pili sina.

Uliuliza pia bati geji 28 au 30, na idadi ya tofali. Watakuja wengine. Mimi niambie kwanza, mlango wako wa uani uko wapi?