Marafiki Wako Wote Wanaingia Barabarani na Wewe Unaona Tofauti

Juzi nimepata meseji ya msichana mmoja wa Eldoret. Anasema marafiki zake wamemkausha tangu aseme haendi maandamano, na si ati anapenda serikali, anaona tu hesabu haijipi. Ananiuliza afanye nini. Nimeamua kumjibu hapa maana najua mko wengi, na mimi hayo yamenipata na bado yananiuma.

Juni 2024 mnaikumbuka. Mswada wa Fedha wa serikali ya Kenya ulikuwa unatafuta kodi zaidi ya shilingi bilioni 346, mkate uwekwe VAT, ile kodi ya bidhaa, ya asilimia 16, gari litozwe asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka. Hapo tulikuwa kitu kimoja, hata mimi nilipiga kelele. Lakini tarehe 18 mkate na gari vikaondolewa, na mimi pale kibandani Umoja, Nairobi, tunapokunywa chai nikasema basi yaliyobaki tuyapiganie kifungu kwa kifungu, tusiangushe mswada mzima, kwa sababu hilo pengo litazibwa kwa kukata, na wakianza kukata hawaanzi na magari ya wakubwa, wanaanza na walimu. Dadangu alikuwa mwalimu intern wa JSS, sekondari msingi, huko mashambani, elfu 20 kwa mwezi na hapo makato bado, anangoja kuajiriwa, na Hazina ilishataja hao walimu kati ya watakaokosa pesa. Huyo dada ndiye nilikuwa namtetea, Zakayo, yaani Rais Ruto, ana watetezi wake.

Rafiki yangu wa tangu praimari akabeba kikombe chake akahamia benchi la nyuma. Akaniuliza kutoka huko, kwa sauti, "Wamekutumia ngapi?"

Sasa skiza. Jioni ya tarehe 25, wabunge wameshapitisha mswada 195 kwa 106, Bunge limevamiwa, mjini ni moshi na risasi, nani ananipigia simu? Huyo huyo. Matatu hakuna, ametembea kutoka tao. Nilimkuta Donholm na kiatu kimoja, mguu ule mwingine soksi imechanika kisigino na vumbi imeshika damu, macho hayafunguki vizuri. Nikampa patipati zangu nikarudi pekupeku. Kesho yake rais akakataa kutia sahihi, kibanda kizima shangwe, na mimi nikaitwa msaliti mbele ya mama wa chai, na huyo rafiki akiwa amekaa hapo, hakusema kitu.

Tarehe 5 Julai rais akatangaza bajeti ikatwe bilioni 177, zikopwe 169, mashirika 47 ya serikali yavunjwe. Dadangu alikaa na wasiwasi hadi Januari 2025 ndipo wakaajiriwa. Wenzangu wakaniambia unaona, pesa si ilipatikana? Ilipatikana, sawa. Hiyo miezi yote hakujua kama atarudi darasani au atarudi kwa mama.

Kwa hivyo dada, ukitaka kupinga wenzako anza na damu. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu waliouawa 39. Hakuna bajeti inayohalalisha kijana kupigwa risasi, na ukisema hivyo usibandike "lakini" hapo hapo, nyamaza kwanza, hoja yako ya pesa itafute siku nyingine. Halafu ongea na mtu mmoja mmoja, mkiwa wawili, kwa sababu mbele ya watu kila mtu anatetea jina lake. Na chama chenu cha kuweka akiba usiache kuchanga, matanga usiache kwenda. Wakiingia barabarani wewe weka simu chaji na uwe na nauli ya boda, maana kuna atakayekwama. Msamaha usiwaombe, hujakosea mtu.

Na nyinyi mnaoita wenzenu wasaliti nawaambia wazi, hamuwezi kudai Bunge lisikize wananchi na hapo kwenu meza moja ya chai hamwezi kuvumilia mtu mmoja anayepiga hesabu tofauti. Mtu amezika na nyinyi, amewatoa polisi, leo kwa sababu ya mswada amekuwa adui? Huo si msimamo, ni roho mbaya.

Rafiki yangu tunasalimiana, chama tunachanga pamoja, hata harusi yake nilisimamia magari. Lakini kwa hilo swali la nimetumiwa ngapi hajawahi kuniomba radhi, na mimi bado namdai.