Manga zilizokaa kimya rafuni: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zinafanana. Msomaji amezimaliza manga (hadithi za picha za Kijapani) ambazo kila mtu anazitaja, na sasa anauliza zile ambazo hazitajwi. Nimejibu zilizonipa la kusema, na baadhi nimezifupisha.

Swali: Kila orodha ya manga zisizojulikana ninayoifungua inanirudishia majina yale yale ninayoyajua. Nitafute vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Orodha hizo huandikwa na watu waliosoma orodha nyingine, ndiyo maana zinazunguka pale pale. Nje ya Japani manga huvuma hasa inapotengenezewa anime, yaani filamu ya katuni, na anime ikishapita, kitabu nacho husahaulika, hata kiwe kizuri namna gani. Mimi hufuata jarida. Manga nyingi hutoka kwanza sura kwa sura katika jarida kabla ya kukusanywa kuwa juzuu, na kila jarida lina ladha ya wahariri wake. Katika Weekly Shōnen Jump kura za wasomaji zina uzito mkubwa katika kuamua nani aendelee na nani akatwe, na hadithi inaweza kuuawa baada ya miezi michache tu. Afternoon, jarida la kila mwezi la mchapishaji Kodansha, limewavumilia kwa miaka mingi wachoraji wa mwendo wa polepole. Humo ndimo ilimotoka Mushishi ya Yuki Urushibara, na humo pia ilitoka Yokohama Kaidashi Kikō nitakayoieleza hapa chini. Ukiona kazi mbili ulizozipenda zimetoka jarida moja, litafute jarida hilo zima.

Kuna pia tuzo ya Manga Taishō, iliyoanza 2008, ambayo wengi katika wapigaji kura wake ni wauzaji wa maduka ya vitabu. Haipokei kazi iliyozidi juzuu 8, kwa hiyo mle hutakuta majitu ya juzuu 100. Nakushauri usome majina ya walioteuliwa kila mwaka na wala usiishie kwa mshindi, kwa sababu mshindi huyo huwa amekwisha kupata wa kumtangaza.

Swali: Shikamoo mwandishi. Nasomea ufugaji chuoni, na nilimpenda sana aliyechora Fullmetal Alchemist. Je, ana kazi nyingine inayofaa kusomwa? (Mwanafunzi, Nakuru)

Jibu: Marahaba. Wewe hasa ndiye niliyekuwa nikimngoja. Hiromu Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na kati ya 2011 na 2019 alichora Silver Spoon, juzuu 15, kuhusu kijana wa mjini aitwaye Hachiken ambaye anakimbilia shule ya kilimo ya bweni kwa sababu mashindano ya masomo yamemchosha. Wenzake wote wanajua watarithi ng'ombe wangapi na deni kiasi gani, naye hajui hata yai linatokea wapi kwenye kuku.

Sehemu inayonirudisha kila mara ni ile ya nguruwe. Hachiken anamhurumia mtoto wa nguruwe aliye dhaifu kuliko wenzake, na licha ya kuonywa kwamba mnyama wa kuchinjwa hapewi jina, anampa jina la Butadon, yaani wali wa nyama ya nguruwe. Anamlisha, anamwona akinenepa, na siku ya kwenda machinjioni inapofika, anachukua mshahara wake wote wa kazi za likizo, anainunua nyama ile yote na kuikausha mwenyewe kwa moshi. Hakuna hotuba kuhusu uchungu wa maisha. Kuna kijana anayesugua chumvi kwenye nyama. Baadaye shamba la familia ya rafiki yake linafilisika kwa madeni, na rafiki huyo anaacha shule pamoja na ndoto yake ya besiboli. Anayejua jinsi mkopo wa pembejeo unavyoweza kuila nyumba hatahitaji kufafanuliwa ukurasa huo. Ilifanyiwa anime mwaka 2013, na Japani ilisomwa mno, lakini huku kwetu bado naona imefunikwa na kivuli cha Fullmetal Alchemist.

Swali: Nimechoka na mapigano. Ipo manga ambayo hakuna anayempiga mwenzake? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ipo, na kwa mtu wa Tanga naona itakugusa zaidi. Yokohama Kaidashi Kikō ya Hitoshi Ashinano, iliyotoka kati ya 1994 na 2006 katika juzuu 14, inaeleza dunia ambayo bahari imepanda na kuimeza miji ya pwani, na watu waliobaki ni wachache. Alpha, roboti mwenye umbo la msichana, anaendesha mkahawa mdogo ambao wateja wake huhesabika kwa vidole, akimsubiri mwenye mkahawa aliyesafiri bila kusema atarudi lini. Safari ya kwenda Yokohama kununua kahawa kwa pikipiki ndogo ni tukio kubwa. Usiku mmoja taa za barabarani za mji uliozama zinawaka chini ya maji, na watu wanakaa juu ya kilima kuzitazama. Basi. Wasomaji wa Kiingereza walilisubiri toleo rasmi hadi 2022, yaani miaka 16 baada ya hadithi kwisha, na hilo peke yake linaeleza kwa nini wengi hawaijui.

Swali: Napenda hadithi za sayansi, lakini zile zenye uwezekano wa kutokea kweli. (Msomaji, Machakos)

Jibu: Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, jirani zako wa Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Sasa soma Planetes ya Makoto Yukimura, iliyotoka kati ya 1999 na 2004, juzuu 4 tu. Wahusika wake ni wazoa taka wa anga za juu katika miaka ya 2070. Inaanza na taka ndogo inayokipiga chombo cha abiria na kumuua mke wa mmoja wao, na mume huyo anabaki kwenye kazi ya kuzoa taka akitafuta dira aliyokuwa nayo marehemu. Yukimura anafahamika zaidi kwa Vinland Saga. Mimi nasema hii fupi ndiyo iliyo bora, na wanaobisha waniandikie.

Swali: Kiingereza changu ni kidogo, Kifaransa ndicho nilichosomea. Je, nitapitwa? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Hapana, wewe ndiye uliyebahatika. Ufaransa ni soko kubwa la manga, na Jirō Taniguchi, aliyefariki 2017, aliheshimiwa huko kuliko wachoraji wengi wa Japani. Tafuta Quartier lointain: mwanamume wa miaka 48 anajikuta amerudi katika mwili wake wa miaka 14, mwaka ambao baba yake aliiacha familia, naye anajua tarehe ya kuondoka lakini hajui sababu. Mwaka 2003 ilipata tuzo ya hadithi bora katika tamasha la vitabu vya picha la Angoulême.

Swali: Mwanangu wa miaka 10 anataka manga, na mimi sijui hata kitabu kinafunguliwa upande gani. (Mama, Mombasa)

Jibu: Mama, kinafunguliwa kulia, kama msahafu. Ikiwa mtoto amepita madrasa, mkono wake umekwisha kuzoea, na kilichobaki ni kuvifuata visanduku vya picha navyo kutoka kulia kwenda kushoto. Mpe Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma, iliyoanza 2003, kuhusu mtoto wa miaka mitano anayeshangaa kila kitu, kuanzia kiyoyozi hadi sauti ya nyenje. Usitegemee neno shōnen kwenye jalada kuwa ni kibali: neno hilo linataja jarida linalolenga wavulana, na ndani yake damu inaweza kuwa nyingi.

Swali: Nisome wapi bila kuiba? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: MANGA Plus, programu ya simu ya mchapishaji Shueisha iliyozinduliwa Januari 2019, inatoa bure sura za mwanzo na za karibuni za hadithi zake nyingi. Hizi nilizozitaja leo si za Shueisha, kwa hiyo hutazikuta humo. Itabidi uzinunue juzuu moja moja, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na iliyo fupi.

Swali: Ungeambiwa uokoe moja tu? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Sunny ya Taiyō Matsumoto, juzuu 6. Ni maisha ya watoto wa kituo cha kulea watoto katika Japani ya miaka ya 1970, na mchoraji mwenyewe aliwahi kuishi katika kituo cha namna hiyo. Uani kuna gari bovu, Nissan Sunny, aina ambayo wengi wetu tumepandia mjini, na watoto hao huingia humo kusafiri bila gari kusogea: mmoja anakwenda mwezini, mwingine anarudi kwao. Watu wazima hawaingii. Mtoto mtundu kuliko wote, Haruo, ana kopo la Nivea. Hajipaki. Hulifungua, akalinusa kwa sababu lina harufu ya mama yake, kisha akalifunga tena.