Maswali na majibu: Faida ipo, pesa iko wapi?

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, kati ya njia ya moja kwa moja (kuorodhesha pesa zilizoingia na kutoka) na ile isiyo ya moja kwa moja (kuanza na faida na kuirekebisha), ipi inaonyesha fedha nyingi zaidi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Hakuna. Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Njia hizi zinatofautiana sehemu moja tu, shughuli za uendeshaji, na hata hapo jumla ni ileile. Uwekezaji (kununua na kuuza mali kama gari na mashine) na ugharamiaji (mikopo na pesa za mwenye biashara) haviguswi. Ukipata majibu mawili, moja ni kosa, au yote.

Mhasibu wangu anasema nimepata faida ya milioni 40, lakini benki zimeongezeka milioni 12 tu. Nimepigwa? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro)

Kwa hesabu ulizotuma, hapana. Hukukopa, hukununua gari wala mashine, na unasema hukuchukua chochote cha nyumbani. Mhasibu wako ametumia njia isiyo ya moja kwa moja: ameanza na faida, milioni 40, akarudisha uchakavu wa gari milioni 12. Kisha akatoa milioni 30 za madeni ya wateja yaliyoongezeka na milioni 15 za mzigo uliozidi stoo, akajumlisha milioni 5 za mali kauli ambayo hujailipia. Jibu: milioni 12. Hesabu ni safi, ila mwenye duka ataielewaje?

Mwambie aiandike upya kwa njia ya moja kwa moja. Umeuza mzigo wa milioni 200, wateja wamelipa 170. Wauzaji wa jumla umewalipa 130. Mishahara, pango na umeme, 28. Zimebaki 12 zilezile, lakini sasa unaona mwizi wako ni daftari la wakopaji. Acha kuwapa mafundi bati kwa ahadi ya "mwenye nyumba akilipa".

Na mwakani ukichota pesa ya dukani kulipa ada za watoto, iandikwe kwenye ugharamiaji. Usiifiche kwenye matumizi ya duka.

Kwa nini uchakavu unajumlishwa? Ina maana unaleta pesa? (Wengi)

Mashine haiingizi pesa kwa kuzeeka. Uchakavu ulipunguza faida bila senti kutoka, kwa hiyo unarudishwa. Anayekariri "jumlisha uchakavu" bila kujua hili ndiye anayesahau kutoa faida ya kuuza gari kuukuu, kisha anaihesabu mara ya pili ndani ya bei ya kuuzia kwenye uwekezaji.

Kama IAS 7, kanuni ya kimataifa ya taarifa hii, inahimiza njia ya moja kwa moja, mbona kampuni nyingi zinatumia nyingine? (Mhasibu, Nairobi)

Kuhimiza si kulazimisha. Ukiwa na mizania mbili na taarifa ya mapato, njia isiyo ya moja kwa moja unaimaliza jioni moja. Marekani wana sababu ya ziada: tangu kanuni yao ya 1987, anayechagua njia ya moja kwa moja hutakiwa pia kuonyesha ulinganisho wa faida na fedha za uendeshaji. Nani anataka kazi mara mbili? Sisi tunaofuata kanuni za kimataifa hatuna sharti hilo, na programu za uhasibu zinaweza kupanga kila malipo kwa aina yake tangu siku yanapoingizwa. Sasa hivi kung'ang'ania njia isiyo ya moja kwa moja ni uvivu tu.

Mikopo ya wanachama tuiweke kwenye uwekezaji? (SACCOS, Mbeya)

Hapana. Kukopesha ndiyo biashara yenu: uendeshaji.

Kwenye mtihani nitumie njia ipi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Iliyotajwa kwenye swali. Soma swali.

Ni kweli kanuni zinabadilika? (Mhasibu, Arusha)

Kweli. IFRS 18, kanuni mpya ya kimataifa ya kupanga taarifa za hesabu, inaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Wanaotumia njia isiyo ya moja kwa moja wataanzia faida ya uendeshaji. Kwa kampuni nyingi, riba inayolipwa itakwenda ugharamiaji na inayopokelewa itakwenda uwekezaji. Kwa kampuni hizo, ule uhuru wa kuchagua riba iwekwe wapi utakwisha. Msisubiri 2027, maana takwimu za 2026 ndizo mtakazolinganisha nazo, nazo zitapangwa upya kwa utaratibu huohuo.